Kosa la Kidukari

Neno kunyonya lina nyumba tatu katika Kiswahili, na wenyeji wa nyumba hizo hawatembeleani. Katika nyumba ya kwanza yumo mtoto mchanga, mdomo wake kifuani mwa mamaye, na hapana anayemlaumu. Katika ya pili yumo kupe aliyejibana sikioni mwa ng'ombe. Katika ya tatu amewekwa binadamu, yule mwenye kula jasho la mwenziwe, ambaye lugha ya siasa iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilimpa jina la mnyonyaji, ikamwita kupe, na ikaazimia kumkatia mirija. Tendo ni moja, yaani kuvuta kwa mdomo kilichomo ndani ya mwingine. Bali la kwanza huitwa rehema, la pili maradhi, na la tatu dhambi. Wapi basi akae kidukari?

Kidukari ni mdudu asiyezidi punje ya ufuta, laini, wa kijani au manjano au mweusi, ambaye wakulima wengi wa bara humwita pia mdudu mafuta. Ilongero, katika wilaya ya Singida, kaskazini-mashariki mwa mji wa Singida, si ugenini kwake. Nchi hiyo ya Wanyaturu ni nchi kavu. Mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi ya vumbi na upepo. Mashambani hulimwa uwele, mtama, mahindi na alizeti; na mahali penye maji ya kunyweshea huwekwa bustani za vitunguu, nyanya na matikiti. Mkoa wa Singida una sifa ya mafuta ya alizeti, vitunguu, kuku, na asali. Hili la asali msomaji alishike, kwani litarudi.

Katika bustani ya namna hiyo, mkulima huanza kumjua kidukari kwa jani. Jani changa la tikiti hujikunja kwa ndani kama kiganja kinachoficha kitu. Akilifunua, huwakuta upande wa chini wamepangana, mamia, hawakimbii wala hawashtuki. Kila mmoja amezamisha mrija wake mwembamba kuliko unywele, ameupenyeza baina ya chembe za jani mpaka umefika kwenye mshipa unaopitisha chakula, ule unaobeba sukari kutoka majanini kwenda kwenye mizizi na matunda. Hapo hukaa siku nzima. Jani huwa kama limepakwa mafuta, na baada ya siku chache juu ya mng'aro huo huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Wala si hayo tu. Kidukari anapohama kutoka mche mgonjwa kwenda mche mzima, mrija wake hupeleka virusi, na mche uliodhurika kwa njia hiyo haponi hata mdudu mwenyewe akiuawa.

Maisha yake yana ajabu ambayo mtunga hadithi angeogopa kuibuni. Katika nchi za joto vidukari wengi ni majike watupu, mwaka mzima, wala hawahitaji dume. Hawatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na mtoto anapotoka tumboni mwa mamaye huwa tayari amebeba tumboni mwake mwanzo wa watoto wake. Mama, binti na mjukuu huwa katika mwili mmoja. Joto likiwafaa, wiki moja hivi hutosha kumfanya aliyezaliwa leo awe mzazi. Jani likijaa, au mche ukianza kuchoka, huzaliwa kizazi chenye mbawa. Hao hawana nguvu ya kuruka kwenda wanakotaka. Hujitupa hewani, na upepo ndio nahodha. Jamii ileile inayokausha tikiti hukaa pia kwenye pamba, bamia na tango, kwa hiyo hawakosi bandari ya kufikia.

Mtu atatafuta sana kabla ya kupata ubeti wa kumsifu mdudu huyu. Nyuki ana washairi wake tangu zamani, ana sura ya Kurani inayoitwa kwa jina lake, ana methali na ana mizinga. Na hali wote wawili hula kitu kimoja, yaani utamu wa mmea. Ni kipi kinachomfanya mmoja awe mgeni na mwingine mwizi?

Jibu la haraka ni idhini. Ua humwita nyuki, humwandalia utamu, nalo hulipwa kwa kupelekewa chavua. Bali jani halikumwita kidukari. Jibu hili ni zuri, na sarufi yenyewe huliunga mkono, kwani Kiswahili hakisemi tu kwamba mtoto hunyonya, husema pia kwamba mama hunyonyesha. Kiambishi hicho kidogo ndicho kinachotenganisha nyumba ya kwanza na zile mbili nyingine: pale yupo anayetoa kwa kupenda. Hakuna asemaye kwamba ng'ombe humnyonyesha kupe.

Ila jibu hilo likipimwa kwa mwili wa kidukari, huanza kuyumba. Chakula katika mishipa ya mmea hupita kwa msukumo mkubwa, na mrija ukishafika mle, utomvu hupanda wenyewe. Wataalamu waliwahi kuukata mrija wa kidukari akiwa anakula, wakamwondoa mdudu, na utomvu ukaendelea kutoka kwenye kipande kilichobaki, tone baada ya tone. Aitwaye mnyonyaji, basi, havuti sana. Hufungua mlango na kupokea mafuriko. Na katika mafuriko hayo kilicho kingi ni sukari, na kilicho haba ni vile viini vya kujengea mwili. Ili apate kidogo anachokihitaji, hulazimika kupitisha kingi asichokihitaji, na kile cha ziada hukitoa nyuma yake kikiwa kitamu bado. Ndio mng'aro ule wa jani. Chungu hawaudharau. Wako chungu wanaowalinda vidukari kama wachungaji na mbuzi wao, ili wapate tone hilo. Hata nyuki hulikusanya. Ulaya kuna asali ya misituni inayouzwa kwa bei ya juu, ambayo asili yake si maua bali ni matone ya wadudu wafyonzao miti. Anayeilamba na kumshukuru nyuki anatakiwa, kwa haki, ampelekee salamu mnyonyaji.

Jibu la pili ni nia. Kosa, husemwa, halikamiliki bila nia, na kidukari hana nia ya kumkosesha mtu ada ya shule. Hili ni kweli, lakini halisaidii kitu bustanini. Moto nao hauna nia, na nyumba inayowaka huzimwa.

Jibu la tatu ni kiasi. Kupe mmoja si msiba. Kupe mia ni ng'ombe aliyekufa. Hapa pana ukweli mkubwa kuliko katika majibu mawili ya mwanzo, kwa kuwa mmea huweza kustahimili vidukari wachache bila kuonyesha dalili. Lakini kiasi ni hukumu inayotegemea yule anayepima. Mwenye eka ishirini hupima kwa jicho moja, na mwenye matuta sita hupima kwa jingine. Na wa pili ndiye aliye wengi Ilongero.

Kwa hiyo jina la mnyonyaji, linaposhushwa kwa mdudu, halithibitishi kosa, hulidhania tu. Na hapo ndipo penye hatari ya jina hilo linaporudi kwa binadamu likiwa limetapakaa harufu ya mdudu. Mtu akiitwa mnyonyaji kwa maana ya kwamba amemlipa kibarua wake nusu ya haki yake, hilo ni shtaka. Laweza kuthibitishwa na laweza kukanushwa. Akiitwa kupe, shtaka limekwisha na kazi iliyobaki ni ya kukwanyua. Nchini Rwanda mwaka 1994 watu waliitwa mende kwa muda mrefu kabla ya mapanga kuinuliwa, na redio ilikuwa ikilirudiarudia jina hilo kila siku. Mwenye kazi ya kupanga maneno, awe mshairi au mwanasiasa, anajua kwamba tashbihi hufanya kazi usiku, msikilizaji akiwa amelala.

Hata hivyo, huruma kwa kidukari isivuke mpaka. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumtetea mdudu. Watu wa Unguja na Pemba, ambao muhogo kwao ni chakula cha kila siku na si chakula cha dhiki, hawahitaji kuelezwa maana ya jani linalobadilika rangi. Mwaka 1894 batobato ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Tanganyika hii. Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Storey, akifanya kazi Amani, milima ya Usambara, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, ndugu wa mbali wa kidukari, mwenye mrija kama wake. Na katika mwaka wa 1973 ilikuja habari kutoka Kongo, pande zote mbili za mto ule, kwamba kimeonekana kidung'ata kigeni kutoka Amerika ya Kusini kinachoukausha muhogo kuanzia kwenye ncha. Katika miaka michache kilitambaa katika nchi nyingi za Afrika, na katika miaka ya 1980 kilikuwa kimefika Tanzania. Watoto walilala na njaa kwa sababu ya mrija usioonekana. Anayeuliza kama ni halali kuua mdudu wa namna hiyo amekosea swali.

Swali lenyewe ni namna ya kuua, na nani mwingine anayekufa pamoja naye. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume mmoja katika mitume ya kale, aliyepumzika chini ya mti akaumwa na chungu, akaamuru kichuguu chote kichomwe moto. Akalaumiwa. Wala lawama haikuwa kwamba ameua. Ilikuwa ni kwa nini hakuishia kwa chungu mmoja aliyemuuma. Hadithi hiyo husimuliwa sana barazani, nayo husikilizwa kama habari ya huruma kwa wanyama. Ni zaidi ya hivyo. Ni habari ya mtu mwenye uwezo wa kutenganisha, naye akaona uvivu kutenganisha.

Na ichorwe picha ya kesi, isiyokuwa ya mtu yeyote anayejulikana, bali ya aina ambayo mwenyekiti yeyote wa kitongoji huweza kuletewa. Mama mmoja ana bustani ya matikiti na nyanya karibu na kisima, na mavuno hayo ndiyo sare, madaftari na nauli za watoto wawili. Upande wa pili wa njia yupo mzee mwenye mizinga saba ya magogo iliyotundikwa mitini. Majani ya matikiti yamejikunja. Mama huenda duka la pembejeo, anauziwa chupa ndogo, anaambiwa apime vifuniko viwili kwa bomba moja la mgongoni. Chupa ina maandishi asiyoyasoma, mengine kwa kuwa ni madogo, mengine kwa kuwa si ya Kiswahili. Anaongeza kifuniko cha tatu, kwa kuwa mara iliyopita vidukari walirudi baada ya wiki. Anapuliza asubuhi, saa tatu, maua ya matikiti yakiwa wazi. Jioni mzee anawaokota nyuki chini ya mizinga yake kwa ukosi wa kofia.

Neno analolitumia mama huyo ni dawa. Amepiga dawa. Kiswahili hakikumpa neno jingine la mkononi. Sumu ni ile ya kumwekea panya au ya kumwekea adui, bali inayonyunyizwa kwenye chakula ni dawa. Mfasiri anayehamisha maandishi ya chupa hizo kutoka lugha ya kigeni hukutana na neno lenye maana ya muuaji wa wadudu, akaandika dawa, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo. Hakusema uongo. Lakini katika kuvuka huko kuna kitu kimezama. Mtu hukaribisha dawa, sumu huitenga. Dawa ikizidi kidogo, hudhaniwa kwamba mgonjwa atapona upesi. Kifuniko cha tatu kimo ndani ya neno hilo.

Tena baadhi ya dawa hizo, kama ile ya imidakloprid iliyoenea sana madukani, hazikai juu ya jani. Huingia ndani, zikachanganyika na utomvu wenyewe, ili anayefyonza afyonze mauti yake. Ni hila ya werevu mkubwa: mmea wote hugeuzwa mtego. Ila utomvu ndio huohuo unaolisha ua, na sumu hiyo hupatikana katika utamu na chavua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya dawa tatu za jamii hiyo katika mashamba ya wazi, kwa ajili ya nyuki. Ua ambalo lilikuwa likimnyonyesha mgeni wake sasa linampa kitu ambacho halikukitia lenyewe.

Mzee amekwenda kwa mama kudai. Mama anasema: Nyuki wako, babu, waliingia bustanini mwangu bila kuitwa, kama walivyoingia vidukari. Mzee anasema: Waliingia kukuzalishia matikiti, na tangu lini ukawalipa? Wote wawili wamesema kweli. Bila nyuki ua la tikiti hunyauka na kudondoka, kwa kuwa chavua yake ni nzito na ya kunata, haibebwi na upepo. Mama amekuwa akivuna kazi ya mifugo ya jirani miaka yote bila kuiona. Na mzee naye amekuwa akivuna maua ya jirani. Walikuwa wakinyonyana kwa salama, kila mmoja akidhani kwamba anaishi peke yake.

Nani ana kosa? Yako mabaraza yatakayotafuta fidia tu, debe la asali kwa bei ya sokoni, na hilo si baya. Lakini kosa la mama, ikiwa lipo, si la kuua vidukari, wala si la umaskini wake, wala hasa si la kutosoma chupa ambayo haikuandikwa ili asome. Lipo mahali padogo zaidi. Alijua kwamba kuna mizinga. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mtu wa kuulizwa: Babu, nataka kupiga dawa, nyuki wako wanarudi saa ngapi? Kidukari hawezi kuuliza. Ndiyo maana haiwezekani kumwekea kosa, hata anapoleta njaa. Binadamu naweza kunyonya, kuua na kupuliza sumu, na katika yote hayo hawi sawa na mdudu, kwa sababu ana mdomo wenye kazi nyingine.

Kwa kipimo hicho kosa halibaki kwa mama peke yake, na si kwa ajili ya kumpunguzia. Muuza duka angeweza kumuuliza kama pana nyuki karibu. Mwenye kutengeneza chupa angeweza kuuliza itasomwa na nani. Na mlaji wa Darajani au Kariakoo, anayelizungusha tikiti mkononi na kulirudisha kwa sababu lina doa, hajawahi kuuliza doa hilo lina madhara gani, wala kukosekana kwake kuligharimu nini. Huyu wa mwisho ndiye mwenye mrija mrefu kuliko wote: umetoka kisiwani, umevuka bahari, umepita Dodoma, na umefika kwenye jani lililojikunja Ilongero.

Ipo njia nyingine ya kuua, nayo ina mtihani wake. Kidung'ata cha muhogo hakikushindwa kwa dawa. Mtaalamu wa Kiswisi, Hans Herren, akiwa katika taasisi ya kilimo cha kitropiki huko Ibadan, aliongoza msako wa adui wa asili wa kidung'ata hicho. Alipatikana Paraguay mwaka 1981, nyigu mdogo asiyemuuma mtu, akaanza kuachiwa Nigeria mwaka huohuo na baadaye katika nchi nyingi za Afrika. Muhogo ulirudi. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo hutaga yai lake ndani ya mwili wa kidung'ata, na mtoto wake hukua kwa kukila kingali hai, mpaka kikabaki ganda. Darwin, katika barua aliyomwandikia mwanabotania wa Marekani Asa Gray mwaka 1860, alikiri kwamba wadudu wa mwendo kama huo walimtia shaka kuhusu rehema katika maumbile, na shaka hiyo haikuwa ya mtu wa kudharauliwa.

Mauti ya nyigu ni ya polepole kuliko mauti ya bomba, na kama yangepimwa kwa maumivu ya mdudu mmoja, bomba lingeshinda. Lakini nyigu hutenganisha. Hupita juu ya ua na nyuki akamwacha. Hupita juu ya mtoto anayecheza. Hufanya kile ambacho yule Mtume wa kale alilaumiwa kwa kutokukifanya. Wala si lazima aagizwe kutoka Paraguay. Anayelifunua jani la tikiti kwa subira, kabla hajaenda dukani, mara nyingi ataona miongoni mwa vidukari wa kijani wachache waliovimba, wamekauka, rangi ya kaki, na kila mmoja ana tundu la mviringo mgongoni. Nyigu wa hapohapo ameshatoka. Ataona pia mdudu kobe, mwekundu mwenye madoa meusi, akiwala mmoja mmoja. Kifuniko cha tatu huwaua hao kwanza, kwa kuwa ni wachache na huzaa taratibu. Vidukari hurudi katika nyumba isiyo na mlinzi. Ndiyo sababu walirudi baada ya wiki.

Subira hiyo ina bei, na haifai kumhubiria mtu mwingine ailipe. Siku kumi za kungoja nyigu zaweza kuwa ndizo siku kumi za ada. Mama yule akichagua bomba tena, ana hoja. Na akipuliza jioni, maua ya matikiti yakiwa yamejifunga na nyuki wamekwisha rudi mizingani, kwa dawa isiyoingia ndani ya mmea, na kwa vifuniko viwili, atakuwa ameua alichokusudia kuua na vingine vichache.

Mzee hakupata fidia. Alipata ahadi ya tikiti moja kubwa na ya kuitwa kabla ya bomba kujazwa. Mizinga minne kati ya saba ilikuwa bado na sauti. Wiki mbili baadaye, jua likiwa limeshuka nyuma ya miiba, mama alituma mtoto ng'ambo ya njia, na mtoto akarudi na jibu kwamba babu anasema bado, wengine hawajaingia. Akakaa juu ya ndoo, bomba tupu mgongoni, akingoja. Juu ya majani, kizazi kilichoota mbawa kilikuwa kimeshaanza kujitupa upeponi.